Daktari wa Migomba

Katika miaka yote niliyomjua, Daktari hakumtibu mtu hata mmoja, lakini watu hawakukoma kumletea wagonjwa. Chuo chetu kiko Embu, na walinzi wa langoni hawakuwa na muda wa kutenganisha daktari wa hospitali na daktari wa vitabu. Mgeni akiuliza daktari yuko wapi, alionyeshwa njia ya majengo ya sayansi ya viumbe, chini kabisa, mlango wa mwisho. Huko alimkuta mwanamume mrefu, mwembamba, sweta ya kijivu chini ya koti jeupe, ameinamia hadubini.

Siku moja mama kutoka Kiritiri aliingia moja kwa moja darasani kwetu, mtoto mgongoni, vumbi la safari miguuni. Daktari alikuwa katikati ya sentensi, anaeleza jinsi kuvu inavyoingia kwenye mzizi wa mgomba.

"Daktari, angalia huyu mtoto. Tangu jana hashiki hata maji."

"Mama, mimi ni daktari wa migomba."

"Migomba pia hugonjeka?"

"Sana."

"Basi hata wewe ni daktari. Angalia."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alimgusa mtoto shingoni kwa nyuma ya mkono, akachukua funguo za gari mezani, akatoka na yule mama bila kutuaga. Wengine wakafunga vitabu. Wengine tukabaki tukipiga soga. Aliporudi alienda kwenye sinki, akanawa mikono hadi viwikoni kama kawaida yake, akatugeukia na kusema, "…kisha inaziba mishipa ya maji, na mgomba unakufa kwa kiu katikati ya shamba lililojaa maji." Ndiyo sentensi aliyoiacha. Habari za mtoto hakutupa. Tulijua alipona kwa sababu yule mama alirudi baadaye na mfuko wa ndengu, na Daktari akatugawia sisi wa mabwenini, kikombe kikombe, akisema yeye ndengu zinamsumbua tumbo. Uongo mtupu. Nilikuja kumwona akila ndengu kwa mamake mpaka akaramba sahani.

Mimi ni mtoto wa Siakago. Kwetu ni joto na mawe, na nilifika chuoni nikidhani sayansi ni kukariri majina magumu. Somo la kwanza la vitendo alituletea vipande viwili vya shina la mgomba, akavilaza kwenye meza na kuvikata kwa kisu. Kimoja kilikuwa cheupe ndani. Cha pili kilikuwa na madoa ya kahawia yanayoelekea wekundu, yamejipanga kwa duara.

"Mnaona nini?"

Kijana mmoja aliyekuwa amesoma mbele akataja jina la ugonjwa kwa Kilatini, lote, bila kujikwaa.

"Sikuuliza jina. Nimeuliza mnaona nini."

Tulikaa pale asubuhi nzima tukisema tunachoona. Rangi. Unyevu. Harufu. Mmoja akasema inafanana na chai iliyomwagika kwenye kitambaa, na Daktari akamtazama kwa furaha kubwa, kana kwamba mtu amemwamkia kwa lugha ya kwao. "Jina ni la mwisho," alituambia. "Ukilitanguliza, macho yanalala."

Sifa alizitoa kwa shida. Ukifanya vizuri alikuambia, "Haya." Ukifanya vizuri mno alikuambia, "Haya basi." Kanisani alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa anaimba kwa sauti kubwa isiyofuata wimbo, macho amefunga, na watoto wa viti vya mbele walikuwa wanageuka kumwangalia. Simu hakuipenda. Matatizo ya watu yalimchosha haraka, lakini hakuna mwanafunzi aliyefiwa ambaye Daktari hakufika kwao, hata kama kwao ni mwisho wa barabara. Alifika, akaketi nyuma, akala alichopewa, akaondoka bila kuhutubu.

Katika jambo moja hakuwa na huruma. Kijana mmoja wa darasa letu alipotelewa na majaribio yake umeme ulipokatika. Badala ya kuanza upya, akabuni matokeo. Daktari aliyasoma akiwa amesimama dirishani.

"Kuvu haioti kwa adabu hivi," akasema. "Rudia."

Kurudia kulimaanisha kukosa mahafali. Baba yake kijana, mchinjaji wa mjini Meru, mzee wa Kiislamu mwenye kofia safi, alisafiri kuja kumwombea mwanawe. Mimi nilikuwa pale ndani naosha visahani vya majaribio.

"Mwalimu, kwetu huyu ndiye wa kwanza kufika chuo. Ndugu wote wamejiandaa kuja."

"Mzee wangu, naelewa. Lakini matokeo hayana ukoo."

Mzee aliitazama mikono yake. Kisha akasema, "Mimi napima nyama kila siku. Mteja akiona kidole changu juu ya mizani, harudi tena. Sawa. Arudie." Wakapeana mikono, Daktari akamsindikiza hadi langoni, na aliporudi alikaa kwenye kiti chake akiwa hana hamu ya kazi siku nzima.

Neno lile, matokeo hayana ukoo, tulilifanya mzaha mabwenini. Mtu akiomba kuonjeshwa chapati, anajibiwa chapati haina ukoo. Hatukujua lingemgharimu nini mwenye kulisema.

Nilipomaliza digrii ya kwanza, Daktari aliniita na kuniuliza kama ningependa kuendelea chini yake. Mnyauko, ule ugonjwa wa kuvu aliotuonyesha kwenye shina la mgomba, ulikuwa umeingia Mitunguu. Huko ni chini ya Nkubu, nchi ya joto yenye maji ya mifereji, na watu wake waliishi kwa ndizi. Ndizi ndizo zilizojenga nyumba, zikasomesha, zikaozesha. Sasa migomba ilikuwa inageuka manjano kuanzia majani ya chini, majani yanavunjika na kuning'inia kando ya shina, na mwenye shamba anamwagilia maji zaidi akidhani ni kiu. Daktari alitaka kujua ugonjwa ulianzia wapi na ulipitia njia gani. Kwao pia ni Mitunguu. Mamake alikuwa na shamba huko.

Mnyauko hauruki kwa upepo. Husafiri na udongo: kwenye panga, kwenye viatu, kwenye maji ya mfereji, na zaidi ya yote kwenye machipukizi ambayo mtu humng'olea jirani akapande kwake. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kwenda shamba hadi shamba na kuuliza maswali yaleyale. Machipukizi haya uliyatoa wapi? Lini? Nani alikupa? Na wewe uliwapa nani?

Kwenye kila lango Daktari alisimama, akatoa beseni kwenye buti la gari, akachanganya maji na dawa, akaosha viatu vyake na vyangu kwa brashi. Wenye mashamba waliona ni dharau.

"Kwani shamba langu ni chafu?" aliuliza mzee mmoja.

"Hapana, mzee. Viatu vyangu ndivyo vichafu."

Mzee huyo tulimwita Mzee wa Pampu, kwa sababu alikuwa wa kwanza upande ule kuwa na pampu yake mwenyewe. Nusu ya migomba yake ilikuwa imelala chini. Tulipomuuliza nani alimpa machipukizi, alicheka.

"Si mama yako, Daktari! Wakati naoa. Alikuja na mengi amebeba kwa mgongo, akaambia bibi yangu, mtoto wa watu asikae kwa boma bila ndizi ya kupikia watoto."

Daktari aliandika. Tukaenda shamba la pili. Huyo alipewa na shemeji yake, na shemeji alipewa na mama wa Daktari. Shamba la tatu lilikuwa la mjane, naye alipewa alipofiwa na mumewe, ili apate cha kuuza. Mama huyo hakuwa na mali ya kugawa, alikuwa na machipukizi. Harusi haikupita bila yeye kufika na mzigo wake. Nilianza kuogopa kuuliza swali la tatu, maana majibu yote yalikuwa yanateremka mahali pamoja. Daktari aliuliza vilevile, kwa sauti ileile.

Tulifika kwa mamake mwisho. Daktari alisimama langoni, akaosha viatu.

"Hata kwangu?" mamake akauliza kutoka barazani, akicheka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana ya kazi, leso imefungwa kichwani. Nilimwita Cucu, kama tunavyowaita nyanya zetu huku, na Kimbeere changu na Kimeru chake vilikutana katikati tukaelewana. Alitupa nduma na chai, kisha Daktari akaenda shambani na panga. Alikata mgomba mmoja. Alikata mwingine. Sikuhitaji kukaribia. Nilikuwa nimefundishwa kuona, na niliona nikiwa mbali.

Alirudi barazani, akaketi kwenye kigoda mbele ya mamake, akaanza maswali, kwa mpangilio uleule tuliowauliza wengine.

"Mama, machipukizi haya uliyatoa wapi?"

Cucu alimtazama kama mtu anayechezewa. "Nani? Si wewe uliniletea?"

"Mimi?"

"Ulipotoka kule upande wa ziwa kusoma. Ulikuja na gunia, ukasema, mama, hizi ni tamu kuliko zetu. Umesahau? Ulipanda wewe mwenyewe, na shati la shule yako kubwa."

Kuku walikuwa wanapekua majani kando yetu. Daktari aligeuka kulitazama shamba. Miaka ile ya ujana, alikuja kunieleza, alienda magharibi kuchunguza fukuzi wanaotoboa migomba. Alikuwa anatafuta wadudu. Alipata machipukizi yasiyo na fukuzi hata mmoja, akafurahi, akamletea mamake zawadi.

"Lini, Mama?" akauliza, kwa maana hilo ndilo swali la pili.

Mamake akamjibu. Daktari alinigeukia. "Andika," akasema.

Niliandika. Cucu alitutazama sote wawili, mmoja baada ya mwingine, na kicheko kikamtoka usoni polepole. Hakuwa amesoma, lakini alikuwa ameona wanawe wakiumwa na alijua uso wa mwanawe unaposikia maumivu.

Baada ya siku chache chifu aliitisha baraza katika ukumbi wa kanisa. Watu walijaa hadi nje. Daktari alikuwa amejiandaa kusema yote: ugonjwa ni nini, kwamba hauna dawa, kwamba migomba yote iliyougua lazima ing'olewe, kwamba udongo ule hautafaa ndizi zile kwa miaka mingi, na kwamba ulitoka wapi. Aliniambia hivyo njiani tukitoka Embu. "Nitasema niliuleta mimi," alisema, na akaendesha gari kwa mikono miwili kama mwanagenzi.

Alifika kwenye sehemu ile. Alisema, "Tumefuata njia ya ugonjwa huu, na kuhusu mahali ulipotoka…" Akanyamaza kidogo kukohoa. Katika kukohoa kule, mamake akasimama.

"Chifu, naomba kusema."

"Sema, mama."

"Wote mnajua machipukizi yalitoka kwangu. Nimewapa mimi, kwa hii mikono. Sasa mjue mimi nilitoa wapi. Nilinunua Nkubu, kwa lori. Kulikuwa na mtu wa lori anauza, amevaa kofia nyekundu. Akaniambia ni tamu. Nikaamini. Sikujua. Mnisamehe."

Ukumbi ulipiga kelele za huruma. Mwanamke aliyekaa karibu naye akamshika mkono. Mjane tuliyemhoji akasema kwa sauti, "Mama, nani angejua?" Mzee mwingine akalaani watu wa malori wanaokuja kuuzia watu balaa. Chifu akainua mkono kutuliza watu.

"Pole, mama. Kaa. Daktari, endelea."

Nilimtazama Daktari. Alikuwa amesimama na chaki mkononi. Mamake naye alikuwa anamtazama, ameketi tena, mikono mapajani, macho makavu. Sijaona macho kama yale tena. Yalikuwa yanamwamuru.

Daktari aliendelea. Alieleza jinsi ya kung'oa mgomba, jinsi ya kuuchoma palepale bila kuuburuta, jinsi ya kuosha panga. Kuhusu mahali ugonjwa ulipotoka hakusema tena.

Tulipopanda kurudi, alisimamisha gari kabla ya Chuka, pembeni, ambapo hapakuwa na kitu cha kumfanya asimame. "Ningefanya nini?" akaniuliza. "Ningemwita mama yangu mwongo mbele ya kanisa lake?" Nilikuwa msichana wa chuo. Aliwasha gari, tukaenda.

Kung'oa kulianzia kwa mamake. Yeye mwenyewe aliomba hivyo, ili watu waone. Vijana walikuja na majembe na mapanga, na Cucu akawapikia chai, sufuria nzima, akawahimiza waongeze sukari. Daktari alikuwa anachimba pamoja nao, koti amevua. Mgomba wa mwisho ulipoanguka, shamba likawa wazi na nyumba ya jirani ikaonekana, nyumba ambayo Cucu alikuwa hajawahi kuiona kutoka mlangoni kwake. "Kumbe wako karibu hivi," akasema.

Kwa Mzee wa Pampu haikuwa hivyo. Yeye alikaa ndani ya nyumba siku ya kung'oa, mlango amefunga, na moshi ulipoanza kupanda tulimsikia akilia, kilio cha mtu mzima asiyejali nani anasikia. Binti yake alikuwa shule ya bweni. Muhula uliofuata hakurudi shuleni.

Watu wa nje huuliza kwa nini Daktari hakuwahi kuwa profesa. Wadogo zake, watu aliowafundisha kushika hadubini, walipanda wakampita, wakapewa ofisi zenye zulia. Mkuu wa kitivo chetu alimpenda na kumsihi.

"Bwana, utafiti wa Mitunguu ni mzuri sana. Hakuna aliyefuata njia ya mnyauko shamba kwa shamba namna ile. Andika tu, uchapishwe, tukupeleke mbele."

"Bado," Daktari alikuwa anajibu.

"Bado nini?"

"Haujakamilika."

Ulikuwa umekamilika. Lakini kuuandika kulikuwa na njia mbili tu. Angeandika kwamba chanzo ni lori la Nkubu, na hilo mkono wake haungeweza. Au angeandika ukweli, na siku moja mtoto wa mtu wa Mitunguu, aliyesomeshwa chuoni, angeusoma na kwenda nyumbani kusema kwamba yule mama aliyewaomba msamaha kanisani aliwadanganya. Kwa hiyo hakuandika. Mimi aliniambia nibadilishe mada. Nikaenda Kiritiri na Mitunguu kupima aina za migomba zinazostahimili ugonjwa ule, nikapata digrii yangu, baadaye nikaajiriwa palepale chuoni, vyumba viwili kutoka mlango wake.

Aliendelea kufundisha. Kitu kimoja kilibadilika, na labda ni mimi tu niliyekiona. Wanafunzi wapya wakikosea hakuwasemesha tena kwa ukali. Yule aliyebuni matokeo angefika mbele yake wakati huu, sijui angeambiwa nini. Na lile neno la ukoo sikulisikia tena kinywani mwake.

Walimfanyia sherehe ndogo alipostaafu. Soda, keki, hotuba. Alipoambiwa aseme neno alisema, "Haya basi," watu wakacheka na kupiga makofi, akaenda zake Mitunguu kukaa na mamake ambaye sasa alikuwa anahitaji mtu.

Nilipita kumwona miaka michache baadaye, nikitoka Meru kwenye mkutano. Niliacha gari langoni. Shamba lilikuwa na mtama na ndengu, na miembe michanga kandokando. Alitoka nje amevaa aproni ya jikoni, nywele zote nyeupe, akanisalimu kwa mikono miwili.

Tulizunguka shambani, na huko ndiko alikonieleza alichofanya. Alikuwa amesubiri mamake amtangulie, ili aseme ukweli bila kumwaibisha. Lakini miaka ilienda, na waliong'oa migomba yao wakaanza kuzikwa wakiwa bado wanamlaani mtu wa lori. Akaona akingoja zaidi hatabaki wa kuambiwa. Kwa hiyo alianza kwenda, nyumba hadi nyumba, njia ileile tuliyopita zamani.

"Walisemaje?"

"Mjane alifunga mlango. Sasa tukikutana sokoni anavuka barabara. Wengine walisema ni ya zamani, tuache. Mmoja aliniombea, lakini kwa hasira, unajua yale maombi ya kumsema mtu."

"Na Mzee wa Pampu?"

Alisimama. "Alinipa kiti. Nikamwambia yote. Akasema, 'Sasa umeniletea nini? Ukweli? Ungeniletea wakati nilikuwa na nguvu ya kukasirika. Sasa niufanyie nini?' Kisha akaita aletewe uji. Akaniambia, 'Kunywa uende.' Nikanywa."

"Ulikunywa?"

"Wote. Ulikuwa mchachu, wa jana. Nikaenda." Aling'oa gugu kwenye mstari wa ndengu. "Amekufa baada ya mavuno. Walinikubalia nibebe jeneza."

Tulifika mwisho wa mstari.

"Kwa hiyo sasa wote wanajua," nikasema.

"Wote. Ni huyu tu," akaelekeza kidevu nyumbani, "ambaye hakubali."

Cucu alikuwa barazani, ameketi kwenye kiti cha mikono, blanketi magotini. Alikuwa amepungua hata nikahisi ningeweza kumwinua kwa mkono mmoja. Daktari alileta mkasi mdogo, akapiga magoti mbele yake, akamvua soksi ya mguu wa kulia na kuanza kumkata kucha, polepole, kwa umakini aliokuwa nao mezani pa maabara.

"Wewe ni wa nani?" Cucu akaniuliza.

"Natoka Embu, Cucu. Nafundisha chuoni."

Uso wake ukachangamka. "Embu! Mwanangu yuko huko. Mrefu. Anafundisha mambo ya migomba. Unamjua?"

Nilimtazama Daktari. Hakuinua kichwa. Mkasi uliendelea.

"Namjua, Cucu."

"Ni mzima?"

"Ni mzima."

"Anakula?"

"Anakula vizuri."

"Haji siku hizi," alisema. "Kazi ni nyingi. Lakini najua linalomsumbua. Anamtafuta yule mtu wa lori." Aliinama kunikaribia. "Ulisikia hiyo habari? Mimi nilimwona kwa macho yangu, pale Nkubu. Kofia nyekundu. Alikuwa kijana mdogo tu, ana haya, anacheka akitazama chini. Alibeba yale machipukizi kwa gunia kama mtu amebeba mtoto. Akaniambia, mama, hizi ni tamu kuliko zenu."

Mkasi ulisimama.

"Hakujua alichobeba," Cucu akasema. "Angejuaje? Alidhani ananiletea kitu kizuri. Ukirudi Embu, mwambie mwanangu aache kumtafuta. Mimi yule kijana nilimsamehe siku ile ile."

"Nitamwambia, Cucu," nikasema.

Daktari alikuwa amebaki palepale, magoti chini, mguu wa mamake mkononi, kichwa ameinamisha hata sikuweza kumwona uso. Cucu alimtazama kwa juu, akangoja, kisha akamgusa begani kwa kidole.

"Na wewe, mbona umeacha?" akamwuliza. "Bado mguu mmoja."

"Ndiyo, mama," akasema, akaushika ule mwingine.